Zamu yangu ya kuwapikia wenzangu imekaribia, na mie sina cha kushindana

Assalaam alaykum Somo,

Mie ni mama wa watoto watatu, naishi Wete. Alfajiri nakaanga maandazi na kupika mikate ya kumimina ya kuuza, na mume wangu ni fundi seremala. Hatulali na njaa, alhamdulillahi, lakini pesa ya ziada haipo.

Tuko wanawake wanane tuliosoma skuli moja tangu wadogo. Miaka kadhaa nyuma tulianza mtindo wa kukutana Jumamosi moja kila mwezi, nyumbani kwa mmoja wetu. Siku hizo ilikuwa raha tupu. Kila mtu anakuja na alichonacho: huyu nazi mbili, huyu muhogo wa shambani kwao, huyu fungu la mchicha. Tunafika asubuhi, tunapika pamoja nyuma ya nyumba, adhuhuri tunasali, tunakula kwenye masinia, kisha tunajinyoosha ukumbini na kupiga soga mpaka alasiri. Nilikuwa nikirudi kwangu kama niliyepona homa.

Mambo yakabadilika kidogo kidogo. Mwenzetu mmoja, ambaye Mungu kamjaalia, siku ya zamu yake alitwambia tusije na kitu wala tusije mapema, tuje kula tu. Tukakuta biriani ya kuku, sambusa, katlesi, juisi za aina mbili na vyombo vipya. Tulimshukuru sana. Aliyefuata akaona haya kurudi kwenye muhogo, akamwita mpishi. Wa tatu akaagiza keki kutoka Chake. Sasa kila zamu lazima iipite iliyotangulia, na picha zinarushwa kwenye kundi letu la WhatsApp kabla hatujanawa mikono. Wa mwisho alitueleza huku anacheka kwamba siku yake imemtoka laki mbili na ushei.

Mwezi ujao ni mie. Jiko langu ni banda la makuti na mafiga matatu. Makochi sina, nina mikeka. Mume wangu ameniona silali, akasema atakopa kwa rafiki yake nisije nikaaibika. Mwenyewe nimefikiria kuitoa pesa niliyoiweka kwenye kikundi chetu cha hisa, ambayo ni ya sare na madaftari ya watoto.

Kuna na jingine. Mwenzetu mmoja wa Jadida, zamu yake ilipofika alisema ana mgonjwa, tukamruka. Tangu hapo haji tena. Akipigiwa simu anasema ana kazi. Sijui kama huyo mgonjwa yupo.

Nifanye nini, Somo? Nikope nipike kama wenzangu, niseme nimesafiri, au nijitoe kabisa? Nawapenda wenzangu hawa, ila nikiifikiria siku yenyewe moyo unanienda mbio.

Mwenye Zamu, Wete

*

Waalaykum salaam mwanangu,

Usikope, na pesa ya sare usiiguse. Nalitanguliza hilo ili usiku wa leo upate usingizi. Mume wako mshukuru, maana mwanamume aliye tayari kubeba deni ili mkewe asiaibike mbele ya mashoga zake ana mapenzi ya kweli. Lakini mwambie biriani ya kukopa inaliwa saa moja na kulipwa miezi, na kabla hajamaliza kuilipa zamu yako itakuwa imerudi tena. Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwenu sasa mgeni anakuja, mwenyeji anaugua.

Kusema umesafiri nako hapana. Wete si kubwa. Jumatatu utaonekana sokoni unanunua unga. Na kujitoa ni haki yako, lakini huwezi kuwaacha watu kwa jambo ambalo hujawaambia.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Wewe unadhani mambo yaliharibika kwa kuku na keki. Mie naona yaliharibika pale mlipoambiwa msije mapema, mje kula tu. Mlipokuwa mkipika pamoja hakuna aliyeweza kumshangaza mwenziwe. Nazi mmezikuna wenyewe, mnajua ni ngapi. Samaki mmempara wenyewe, mnajua kanunuliwa wapi na kwa bei gani. Wali ukishika chini mlikuwepo wote, na kosa ni la wote. Mlipoanza kukaribishwa, mpishi akabaki nyuma ya pazia, wageni wakakaa ukumbini wakisubiri kawa lifunuliwe, na likifunuliwa lazima watu waseme mashaallah. Sasa mashaallah ya mwezi huu haipatikani kwa chakula cha mwezi uliopita. Hapo ndipo keki ilipotokea, na ndipo atakapotokea mbuzi mzima wa kuchoma kabla mwaka haujaisha.

Kwa hiyo kupunguza sahani peke yake hakutakuponya. Ukipika wali na mchuzi peke yako ukawafunulia, utakaa unazitazama nyuso zao, na ukimuona mmoja katazama pembeni utaumia wiki nzima. Warudishe jikoni.

Yule wa biriani simlaumu, na wewe usimlaumu. Huenda aliona mmechoka na watoto na biashara akataka mpumzike siku moja. Huenda karafuu za kwao zilizaa vizuri mwaka ule, maana Pemba pesa yetu ina msimu, na mikarafuu haizai sawa kila mwaka. Mtu akivuna akawafurahisha wenzake, kafanya jambo zuri. Mlioigeuza zawadi yake kuwa kipimo ni nyinyi mliomfuata. Basi pasiwe na kikao cha kumsengenya, hata cha watu wawili, hata kwenye simu.

Sasa huyu wa Jadida. Umemweka mwisho wa barua, mie namweka mwanzo. Wewe zamu haijafika na tayari hulali. Yeye zamu ilimfika, akarukwa, na sidhani kama kuna aliyekwenda kumuona. Nenda kwake. Simu haitoshi, kwenye simu mtu ana kazi siku zote. Nenda baada ya alasiri na mkate wako mmoja wa kumimina umeufunika kitambaa. Ukikuta kweli ana mgonjwa, umefika kumzuru, na mmechelewa. Ukikuta hana, usimuulize. Usimwambie najua kwa nini huji, maana aliyejificha kwa aibu ukimvuta nje kwa nguvu aibu inamzidi. Mweleze yako wewe: "Zamu yangu imefika na biriani siwezi. Nataka tupike kama zamani, na kuwaambia wenzetu peke yangu naogopa. Nisaidie." Kisha nyamaza, unywe chai yako. Nakuhakikishia hutakaa kimya muda mrefu.

Mkiisha kukubaliana, andika kwenye kundi. Andika ufupi, bila kuomba radhi na bila kulalamika. Mie ningeandika hivi: "Mashoga zangu, Jumamosi ya zamu yangu nimetamani tupike wote kama zamani. Njooni saa tatu na kanga za jikoni. Mchele na mikate ya kumimina ni juu yangu. Kila mmoja aje na kitu kimoja cha nyumbani kwake, tusinunue vya kujionesha. Na simu tuziweke ndani mpaka tuishe kula." Ukiutuma, kuna muda hakuna atakayejibu. Usiufute, wala usiongeze maneno. Huyo wa Jadida mmeshapanga, atajibu wa kwanza kwamba yeye analeta nazi, na ukishapatikana mmoja wengine wanafuata. Nina hakika wapo humo wawili watatu waliokuwa wanaiogopa zamu yao inayokuja kuliko wewe.

Kuna watakaokwambia mchange pesa, kila mtu kiasi kimoja, ndiyo haki. Mie sikubaliani nao. Elfu kumi ya mwenye duka na elfu kumi ya anayekaanga maandazi hazina uzito mmoja, na mwenye kukosa mwezi huo ataanza tena habari za mgonjwa. Vitu vya nyumbani havisemi hivyo. Mwenye mnazi uani nazi hazimtoi pesa. Mwenye shamba anang'oa mchicha asubuhi ileile. Mwenye mume mvuvi analeta samaki. Asiyekuwa na chochote mwezi huo analeta mbuzi yake ya kukunia na mikono yake, na hakuna mwenye haki ya kuuliza mchango wake uko wapi, kwa sababu anaonekana anafanya kazi.

Tuje kwenye chakula chenyewe, maana hapa ndipo utakapopata raha.

Usipike biriani ya kujikaza. Pika wali wa nazi, mchuzi wa samaki, mchicha wa nazi, kachumbari yenye embe mbichi, na mikate yako baadaye kwa chai. Mtaa mzima unanunua mikate yako alfajiri. Wenzako ndio watu pekee Wete waliosahau kwamba wewe ni mpishi.

Kama tarehe iko mikononi mwako, itazame na mwezi. Siku za giza ndizo wavuvi wa dagaa wanatoka na taa, kwa kuwa dagaa hufuata mwanga, na mwezi ukiwa mpevu hawawapati vizuri. Na mwezi unapoandama maji huwa ya bamvua, bahari inakupwa mbali, na waendao mwambani wanarudi na pweza. Basi Jumamosi iliyo karibu na mwezi mwandamo inakupa nafasi zote mbili. Ikiwa mmoja wenu yuko upande wa Tumbe, mpe yeye kazi ya kitoweo, apitie mnadani, anunue kinachopatikana siku hiyo. Changu sawa, tasi sawa, kolekole sawa. Msimtafute nguru kwa sababu tu ana jina. Kusi likivuma kwa nguvu samaki huadimika, na hapo dagaa wakavu walioungwa vizuri kwa nazi na ukwaju hawamuaibishi mtu.

Kwa watu wanane na watoto wa kupitapita, mchele kilo mbili unatosha. Nazi nne za wali, mbili za mchuzi, moja ya mchicha. Nazi saba kwa mtu mmoja ni adhabu, mikono inawaka moto. Kwa watu wanne wanaopokezana ni mazungumzo. Nimewahi kuona wanawake waliokuwa hawasemezani wakakaa mbuzi mbili zinazotazamana, huyu anageuza kifuu chake, yule anageuza chake, nazi nyeupe iliyokunwa inamiminika kwenye ungo, na kabla nazi ya pili haijaisha mmoja kashamwambia mwenziwe: hapo umefika kwenye weusi, acha, utalitia tui rangi. Lilikuwa neno lao la kwanza baada ya muda mrefu. Jikoni mtu anapata la kusema hata kama hana la kusema.

Tui la kwanza, zito, litengeni kando. Wali uanzeni kwa tui jepesi na chumvi. Likichemka tieni mchele uliooshwa. Maji yakikaribia kukauka ndiyo mmimine tui zito, mgeuze mara moja kwa mwiko, mfunike, mpunguze moto chini na mpalie makaa juu ya kifuniko. Acheni hapo. Kila anayefunua kuchungulia anautoa mvuke, na wanane mkichungulia wali utabaki na kiini. Ndiyo maana nasema sufuria ya wali iwe na mwenyewe mmoja.

Ya mchuzi mkabidhi yule wa biriani. Nasema hivi kwa makusudi. Mtu anayejua kupika ukimwalika aje akae tu unamnyima, na huyu ukimweka kando atahisi siku nzima imepangwa dhidi yake. Mpe heshima ya sufuria kubwa. Samaki kisha kukaangwa, vitunguu na thomu na tungule zimeiva, bizari imetiwa, ukwaju au ndimu kwa kadiri. Tui zito linaingia mwisho, na hapo hakuna kuondoka: anakoroga taratibu kwa upawa, upande mmoja, mpaka lichemke, la sivyo litakatika. Hizo dakika chache mtu hawezi kushika simu wala kuzungumzia vyombo vipya. Simama karibu naye umshikie bakuli la samaki, mwambie ile biriani yake ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu, si ndiyo?

Banda lako lisikutie haya, ila linanitia hofu kwa jambo jingine. Wanawake wanane, kanga, na moto mkubwa chini ya makuti hapana. Hamisha mafiga uwani kwenye kivuli, upande ambao upepo hausukumi cheche kwenye paa, na ndoo ya maji iwe karibu. Meko mawili ya kuni na jiko moja la makaa yanatosha kwa hayo yote. Ikiwa ni msimu wa mvua, muombe jirani mwenye ukumbi wa nyuma uliofunikwa kwa bati. Jirani naye atakula.

Na mle kwenye sinia, mwanangu, msigawane sahani. Sinia mbili, wanne kwa wanne, kwenye mikeka yako hiyo hiyo. Kwenye sahani kila mtu anaonekana kapata nini na kaacha nini. Kwenye sinia mkono unakwenda mbele yake tu, na huyu anamega kipande cha samaki anakisogeza upande wa mwenziwe bila kusema kitu, na aliyesogezewa anakirudisha nusu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba chakula cha wawili kinawatosha watatu, na cha watatu kinawatosha wanne. Kilo zako mbili hazitapungua. Matandu yakibandukia vizuri, yagombanieni kama mlivyokuwa mkigombania mkiwa wasichana.

Inawezekana mmoja atakuja na boksi la keki au kuku wa kuagiza, kwa mazoea au kwa kukaidi. Lipokee kwa mikono miwili, likate, liweke na vyakula vingine katikati. Usilifiche ndani na usimtazame vibaya. Kitu kimoja cha dukani hakiharibu chakula cha watu wanane waliotoka jasho pamoja.

Mkishakula, kabla watu hawajajinyoosha, uliza wazi: mwezi ujao tufanye hivihivi? Usilazimishe kanuni, wala adhabu kwa atakayepika vingine. Mwenye furaha yake, mtoto kafaulu au kuna akika, apike biriani na awaite mje kula, nanyi mtakwenda mkiwa mmependeza. Hiyo ni shughuli, na shughuli ina siku yake. Jumamosi zenu zibaki za mafiga. Akitokea wa kukucheka kwa hilo, mbele yako au kwenye kundi, niandikie tena. Hapo ndipo tutazungumza habari za kujitoa.

Jadida nenda wiki hii hii, usingoje mwezi uandame. Ujumbe utume Jumapili usiku watu wakiwa wametulia. Mume wako muombe akuchongee vigoda viwili vya kukalia jikoni kwa vipande vya mbao vilivyobaki karakana, atafurahi kuwa na mkono wake katika siku yako kuliko kubeba deni. Na mchele wa mikate uroweke Ijumaa baada ya isha, hiliki iponde asubuhi ile ile.

Somo